Mlango wa Sinema na Mpaka wa Utoto: Ubelgiji na Kongo, 1920–1960

0. Utangulizi

Methali yetu inasema: mtoto akililia wembe, mpe. Waliotuachia methali hiyo hawakuwa wakatili. Walitaka kusema kwamba yapo mambo ambayo mtoto hayajui kwa kuambiwa, na kwamba kidonda kidogo huweza kumkinga na kidonda kikubwa. Sheria za sinema za karne ya 20 zilifuata njia iliyo kinyume. Zilisema kwamba upo wembe usiopaswa kufika mkononi mwa mtoto, hata akiulilia, na hata kama mzazi wake yuko radhi kumpa. Kwa sababu hiyo mpokea tikiti akawa pia hakimu mdogo. Alimtazama barubaru usoni, akapima kimo chake, akasikiliza kama sauti imekwisha kuvunjika, kisha akamwambia aingie au arudi kwao.

Jambo hili laonekana dogo mbele ya mambo makubwa ambayo wanahistoria wa Kongo wamezoea kuyaandika: mpira, migodi, kazi za lazima, uhuru. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mlango wa sinema ni mahali pazuri pa kuutazamia ukoloni wenyewe. Tutaanza na sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1920 iliyowazuia watoto, kisha tutaitazama amri ya Kongo ya mwaka 1945 iliyowazuia Waafrika. Dai letu lina sehemu mbili. Kwanza, amri ya Kongo iliuchukua mlango wa sheria ya Ubelgiji lakini ikauacha ufunguo wake, yaani umri. Pili, utawala uliowaita watu wote watoto ulipoteza uwezo wa kuwaona watoto wenyewe.

1. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1920

Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831 ilikataza udhibiti wa maandishi. Katazo hilo lilikuwa fahari ya taifa hilo, na sinema ilipoingia ilikuwa vigumu kwa serikali kuwachagulia watu wazima picha za kutazama. Hata hivyo, tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20, mapadre, walimu, waganga na mahakimu walilalamika kwamba watoto wanajazana katika kumbi zenye giza, wakitazama wizi, mauaji na mapenzi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, malalamiko hayo yaliongezeka, maana watoto wengi walikuwa wamekua bila baba nyumbani na bila shule ya kudumu.

Ndipo ikatolewa sheria ya tarehe 1 Septemba 1920. Ilimkataza mtu yeyote mwenye umri wa chini ya miaka 16 kuingia katika ukumbi wa sinema, isipokuwa filamu inayoonyeshwa imepitishwa na tume maalumu. Umri huo haukubuniwa hewani. Sheria ya mwaka 1912 ya kuwalinda watoto, iliyoanzisha mahakimu wa watoto nchini Ubelgiji, ilikuwa imekwisha kuweka mpaka kwenye miaka 16. Mlango wa sinema ulifuata mlango wa mahakama.

Namna sheria hiyo ilivyofanya kazi yastahili kuangaliwa. Haikumlazimisha mwenye filamu kuipeleka mbele ya tume. Asipoipeleka, filamu ilionyeshwa kwa watu wazima bila kikwazo cha tume hiyo, lakini watoto hawakuingia. Akitaka fedha za watoto na za wazazi waandamanao nao, aliipeleka, na mara nyingi alikubali baadhi ya sehemu zikatwe. Hivyo biashara yenyewe ndiyo iliyouendesha udhibiti. Tangazo la ukumbi lilisema ama watoto wanaruhusiwa, ama hawaruhusiwi. Hapakuwa na daraja la kati: wa miaka 5 na wa miaka 15 walihesabiwa kundi moja.

Nchi nyingine zilitengeneza ngazi zenye vidato vingi zaidi. Uingereza iliweka mwaka 1951 alama ya X, iliyomzuia asiyetimiza miaka 16, na mwaka 1970 umri huo ukapandishwa kuwa 18. Marekani iliweka utaratibu wa madaraja mwaka 1968. Ubelgiji iliendelea na mpaka wake mmoja wa miaka 16 kwa karibu karne nzima. Ni mwezi wa Januari 2020 tu ndipo utaratibu huo ulipobadilishwa kwa utaratibu mpya wa vidato vya umri, pamoja na alama zinazoeleza kwa nini kidato hicho kimechaguliwa: ukatili, hofu, matusi na kadhalika.

Waziri wa Sheria wakati wa sheria ya 1920 alikuwa Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha kisoshalisti. Jina lake si geni katika historia yetu. Mwaka 1909 alikuja Léopoldville kama wakili kumtetea William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi, aliyeshtakiwa kwa sababu aliandika juu ya mateso ya watu wa Kasai chini ya kampuni ya mpira. Sheppard hakupatikana na hatia. Vandervelde aliamini kwamba dola yapaswa kumlinda mnyonge: mtoto dhidi ya sinema, mfanyakazi dhidi ya pombe kali, Mkasai dhidi ya kampuni. Imani hiyo ilikuwa na wema ndani yake. Lakini ilibeba swali ambalo halikujibiwa: ni nani atakayeamua kwamba mnyonge amekwisha kukua na sasa anaweza kujilinda?

2. Amri ya Kongo ya mwaka 1945

Kwa mtoto wa Brussels au wa Liège, jibu la swali hilo lilikuwa katika kalenda. Aliyekataliwa leo akiwa na miaka 15 na miezi 11 aliweza kurudi mwezi ufuatao akiwa ameinua kichwa. Sheria ilimnyima kitu, lakini pia ilimpa ahadi. Labda ndiyo sababu vijana wa Ulaya waliichezea sheria hiyo kuliko kuichukia. Aliyevaa koti la kaka yake ili aonekane mkubwa alijua kwamba anaiba kitu ambacho kitakuwa chake punde si punde.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalikuwa tofauti. Sinema ilifika mapema katika miji kama Élisabethville na Léopoldville, na kumbi za katikati ya mji zilikuwa za Wazungu. Waafrika waliona filamu katika misheni, katika kambi za wafanyakazi na katika viwanja vya wazi. Katika miaka ya 1930 utawala ulianza kuhofia kwamba picha zilezile zinazomchekesha Mzungu zingemfundisha Mwafrika kumdharau. Mwanamke Mzungu aliyevaa nguo chache, Mzungu mlevi, Mzungu anayepigwa na Mzungu mwenzake: hayo yote yalihesabiwa kuwa hatari kwa heshima ya mtawala. Mwaka 1945 ikatoka amri iliyowakataza Waafrika kuhudhuria maonyesho ya sinema isipokuwa yale ya filamu zilizopitishwa kwa ajili yao na tume ya udhibiti.

Tukiziweka sheria hizi mbili pamoja, tunaona kwamba zina umbo moja. Kuna kundi la watu linalozuiwa, kuna tume inayochagua, na kuna filamu chache zinazoruhusiwa. Tofauti ni jina la kundi. Palipoandikwa mtoto, sasa pameandikwa Mwafrika. Kwa mujibu wa amri hiyo, filamu ambayo haikupitishwa kwa ajili ya Waafrika ilimfungia mlango fundi wa reli mwenye miaka 40, karani anayesoma na kuandika Kifaransa, na mwalimu mwenye wajukuu. Mzungu aliyetoka shuleni juzi aliipita milango hiyo bila kuulizwa.

Waliotunga siasa hiyo hawakuona haya kueleza sababu zao. Mwaka 1952 L. Van Bever, mtumishi wa serikali aliyesimamia kazi za filamu katika koloni, alichapa kitabu kiitwacho *Le cinéma pour Africains*. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba Mwafrika hafuati lugha ya sinema ya kawaida, kwa hiyo apewe filamu zake za pekee, zenye hadithi nyepesi, mwendo wa polepole na picha zisizorukaruka. Wazo hilo halikuwa la Wabelgiji peke yao. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumiwa. Wasimamizi wake, Notcutt na Latham, nao walishughulika na swali lilelile: Mwafrika anaweza kuelewa nini? Kwetu, wamisionari walijibu kwa filamu zao wenyewe. Padre Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, michezo ya kuchekesha ya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambayo wengi waliipenda kweli. Hatuna haja ya kuukana ucheko huo. Lakini kupenda chakula ulichopewa hakumaanishi kwamba ulikuwa na ruhusa ya kuchagua kingine.

3. Maneno ya mlangoni

Wanafunzi wa lugha watatambua kwamba amri hizi hazikusimama peke yake. Zilikuwa na msamiati wake. Katika Kiswahili cha Katanga, neno boyi lilimtaja mtumishi wa nyumbani, hata kama alikuwa na mvi. Neno hilo lilitoka katika lugha ya Waingereza, ambako maana yake ni mtoto wa kiume, na safari yake yatuonyesha jinsi utoto ulivyogeuzwa kuwa cheo cha kazi. Tena, Mzungu alimwambia Mwafrika tu, si vous. Kifaransa humwambia hivyo rafiki au mtoto, na kila mtu alijua kwamba hapa si urafiki.

Katika mila zetu, mpaka wa utoto haukuwa jambo la kubahatisha. Makabila mengi yalikuwa na jando, unyago au sherehe nyingine, na aliyepita huko alirudi na jina jipya na wajibu mpya. Baada ya siku hiyo, kumwita mtoto ni tusi. Mwanamume aliyekwisha kutoa mahari, akazaa na kuzika, alipofukuzwa mlangoni mwa ukumbi wa sinema, hakupoteza picha tu. Alirudishwa nyuma ya jando.

Utawala ulijaribu kuweka jando lake wenyewe. Mwaka 1948 ikaanzishwa kadi ya ustahili wa kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa imatrikulasyo, kwa ajili ya wale walioitwa maevolue, yaani waliosemekana kwamba wamestaarabika. Mwombaji alichunguzwa nyumba yake, mke wake, vyombo vyake vya mezani, mazungumzo yake. Mtoto wa Ubelgiji hakuhitaji kufanya mtihani ili atimize miaka 16. Mkongomani alihitaji mtihani ili atambuliwe kuwa mtu mzima, na watahini walikuwa walewale waliofaidika na utoto wake. Hadi mwisho wa miaka ya 1950, waliopewa imatrikulasyo walikuwa mamia machache tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni kumi.

Hivyo si ajabu kwamba tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alipohesabu mbele ya Mfalme Baudouin mateso ya wakati wa ukoloni, alitaja kwamba Mweusi hakuingia katika sinema, mikahawa na maduka ya Wazungu, na alitaja pia kwamba Mweusi aliambiwa tu. Baadhi ya wasomaji wa hotuba hiyo hushangaa kuona sinema karibu na magereza na risasi. Kwetu ushahidi huo una mantiki yake. Mlango wa sinema na kiwakilishi cha nafsi vilisema neno moja: wewe bado ni mtoto.

4. Watoto ambao hakuna aliyewaona

Tumefika kwenye sehemu ya pili ya dai letu. Kama lengo lilikuwa kulinda akili changa, je, akili changa zililindwa? Tazama kilichotokea Léopoldville. Filamu za cowboys zilipita katika chekecheo la utawala bila shida kubwa, maana zilionekana nyepesi: farasi, bastola, mwema anashinda, mwovu anakufa. Hazikuwa na siasa, wala hazikumdhalilisha mtawala. Mdhibiti aliuliza kama filamu itaharibu heshima ya Mzungu. Hakuuliza kwa bidii ileile barubaru wa miaka 14, asiye na nafasi shuleni wala kazi, angefanya nini na picha ya mtu aliye peke yake, mwenye silaha, asiyemtii yeyote.

Jibu lilitoka kwa vijana wenyewe. Katika miaka ya 1950 walitokea katika vitongoji vya Léopoldville wale walioitwa Mabill, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama walivyoona katika filamu, walijipa majina ya Kimarekani, waliugawanya mji kuwa himaya zao. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 *Tropical Cowboys*, ameonyesha jinsi walivyojitengenezea uanaume wao, pamoja na ukatili wake, hasa juu ya wasichana. Padre mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, aliwafuata huko huko waliko, akazungumza nao kwa lugha yao, nao wakamwita Père Buffalo. Tarehe 4 Januari 1959, ghasia zilipolipuka mjini, vijana wa namna hiyo walikuwa mstari wa mbele. Ndipo utawala ulipoanza kuona kwamba miongoni mwa wale wote uliowaita watoto walikuwamo watoto kweli.

Mambo yalifanana kusini mwa mpaka wetu. Katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, wachimbaji na familia zao walitazama cowboys katika viwanja vya wazi, na shujaa wa kila filamu, jina lake lolote, aliitwa Jeke. Wadhibiti walizikata filamu hizo kwa ajili ya Waafrika, lakini wadogo na wakubwa walikaa pamoja chini, mbele ya pazia moja.

Lugha nayo ilishika alama. Mabill walisema Indubil, mseto ambao jina lake, kwa maelezo ya wengi, limeunganisha Hindu ya filamu za Kihindi na Bill ya filamu za cowboys. Huko Léopoldville mseto huo ulisimama juu ya Lingala. Ulipofika Bukavu ulisimama juu ya Kiswahili, na Didier Goyvaerts aliuchunguza katika makala yake ya mwaka 1988. Kwa hiyo yeyote anayetafiti Kiswahili cha vijana wa Kivu anagusa, apende asipende, historia ya mlango wa sinema. Vijana waliofungiwa mlango mmoja walifungua mwingine kwa ulimi wao.

5. Urithi wa namna mbili

Baada ya 1960 kizuizi cha rangi kiliondoka. Kumbi kubwa za miji yetu zilijaa kwa muda, kisha zikapungua, na nyingi zimekuwa makanisa. Mahali pake vilikuja vibanda vya video katika vitongoji, ambamo mtoto mwenye sarafu mkononi aliingia bila kuulizwa umri. Leo hata sarafu haihitajiki. Simu ya kaka inatosha.

Mbele ya hali hiyo, twasikia sauti mbili. Ya kwanza yasema kwamba kila katazo la sinema ni mabaki ya ukoloni na lifutwe. Ya pili yasema kwamba taifa lote lahitaji kulindwa, na kwamba tume iamue watu wasikie na kutazama nini. Mwezi wa Novemba 2021, huko Kinshasa, tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku nyimbo zilizoikosoa hali ya nchi, kisha ikalegeza baada ya kelele za umma. Nyimbo hizo hazikukatazwa kwa wenye miaka 12. Zilikatazwa kwa wote.

Historia tuliyoieleza yazikosoa sauti zote mbili. Sauti ya kwanza husahau kwamba kosa la amri ya 1945 halikuwa kumlinda mtoto. Lilikuwa kumwita mtu mzima mtoto. Sauti ya pili hurudia kosa hilohilo kwa jina la taifa, na ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa huvaa nguo zetu wenyewe.

6. Hitimisho

Katazo la umri laweza kuwa la haki likitimiza masharti matatu, na yote matatu twayapata kwa kulinganisha Brussels na Léopoldville. Lihesabu miaka, wala lisitazame rangi, kabila au cheo. Litoe sababu ambayo mzazi anaweza kuipima. Na liwe na siku ya mwisho inayojulikana na yule anayekatazwa. Sharti la tatu ndilo kubwa. Barubaru anayerudishwa nyumbani leo anaweza kuvumilia, hata kama analia kwa hasira, ikiwa anajua kwamba kesho mlango ni wake. Anayemnyima mtu kesho hiyo hamlei, anamtawala.

Methali ya wembe nayo yaweza kusomwa upya. Kabla ya kubishana kama mtoto apewe au asipewe, hatuna budi kuuliza swali lililo mbele yake: ni nani aliyesema kwamba huyu anayelia ni mtoto, na wembe huo ulikuwa wa nani?